Gego la mzazi nalo lizibwe kabla halijatoboka

Katika nyumba nyingi za Nyaishozi, jino la mzazi huanza kusumbua usiku. Baba au mama anakaa kitandani ameshika shavu, anasukutua kwa maji ya chumvi, anaweka karafuu kwenye tundu na kumeza panadol mbili. Kukipambazuka maumivu yamepoa kidogo, naye anachukua panga na kwenda shambani, maana migomba haisubiri. Hali hiyo huenda na kurudi kwa miezi, hadi siku shavu linapovimba. Hapo ndipo anapopanda bodaboda kwenda kwa tabibu wa meno, na anaporudi nyumbani jino limebaki huko.

Wengi wameyazoea mambo hayo kiasi kwamba kwao kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kwenda kung'oa. Kumbe ipo huduma inayofanyika jino likiwa bado zima, tena bila sindano ya ganzi wala mashine ya kutoboa. Ni kuziba mifereji ya magego ili yasioze. Imezoeleka zaidi kwa watoto wa shule, lakini hata mtu mzima anaweza kufanyiwa, na wapo wazazi ambao ingewafaa sana.

Kwa nini magego huoza kwanza

Pitisha ulimi juu ya gego lako la chini. Utahisi vilima na mabonde, na katikati ya mabonde kuna mifereji. Kwa watu wengine mifereji hiyo ni mipana na mswaki unaifagia vizuri. Kwa wengine ni myembamba na imezama, hata unywele mmoja wa mswaki hauwezi kuingia. Mabaki ya chakula yanajificha humo pamoja na utando wenye bakteria.

Bakteria hao wakipata sukari hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Hakuna mdudu anayetafuna jino kama wazee walivyosimulia. Ndiyo maana mzazi anayepiga mswaki kila siku anaweza kushangaa gego lake limetoboka. Hakuwa mchafu, ila mswaki wake haukufika.

Kuziba hufanywaje

Tabibu husafisha gego na kulikausha. Kisha hupaka tindikali laini kwa sekunde chache ili sehemu ya juu ya jino ishike vizuri, huisuuza na kukausha tena. Baada ya hapo hupaka dawa ya majimaji iitwayo resini, ambayo hutiririka ndani ya mifereji, na kuigandisha kwa taa maalumu ya mwanga wa buluu. Kila jino huchukua dakika chache. Bakteria waliobaki chini hukosa sukari, na chakula kipya hakiingii tena. Njia ya kutumia tindikali kushikiza dawa kwenye jino ilianza na daktari Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955.

Iko njia nyingine inayofaa vijijini, na mizizi yake iko hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, alianza kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya umeme. Njia hiyo inajulikana kwa kifupi kama ART. Mifereji ya jino husafishwa, kisha tabibu hukandamiza kwa kidole chenye glovu saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma. Saruji hiyo hutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hiyo mzazi asiambiwe kwamba huduma hii ni ya mijini peke yake. Inahitaji tabibu aliyefundishwa, vifaa safi na dawa yenyewe. Haimlazimu mtu kungoja umeme.

Mzazi yupi anahitaji

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza kuwa kuziba mifereji huzuia matundu 80 kati ya 100 ya magego katika miaka miwili ya kwanza. Takwimu hizo zinahusu watoto zaidi. Kwa mtu mzima, daktari huangalia mdomo mmoja mmoja, kwa sababu mwingine amefika miaka 40 magego yake hayana hata alama, na huyo huenda hana haja ya kuzibwa.

Anayefaa kuuliza ni mwenye mifereji iliyozama, hasa kama amewahi kuzibwa au kung'olewa jino karibuni. Yumo pia kijana wa miaka 17 hadi 21 ambaye magego ya mwisho ndiyo kwanza yanaota, mwenye kisukari, na anayetumia dawa zinazokausha mdomo, kwa kuwa mate machache hayaoshi meno vya kutosha. Mwenye doa jeupe au la kahawia kwenye mfereji, lakini bila tundu, naye asikate tamaa. Hatua hiyo ya mwanzo inaweza kuzibwa na uozo ukasimama.

Mama mjamzito asiogope kumwona tabibu wa meno. Amweleze tu mapema kwamba ana ujauzito.

Kuna pia ambao kuziba mifereji hakutawasaidia. Jino lenye tundu la wazi linahitaji kusafishwa na kuzibwa kwa namna nyingine. Linalouma usiku huenda limeshafikiwa kwenye mshipa. Na uozo wa katikati ya jino na jino, au ule wa kwenye mzizi fizi zinaposhuka, hauzuiwi kwa kuziba juu ya gego. Huu wa mzizi huwapata zaidi wenye umri mkubwa.

Dawa iliyopakwa nayo si ya milele. Huweza kukaa miaka kadhaa, lakini huweza pia kubanduka kipande bila mwenyewe kujua. Ni vizuri tabibu aitazame kila anapoonwa, angalau mara moja kwa mwaka, ili aongezee palipotoka.

Kikombe cha chai na mswaki wa usiku

Aliyezibwa mifereji kisha akaendelea na sukari ile ile amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ameshafika tisa. Akiongeza soda moja, amevuka.

Namna ya kunywa nayo ina uzito. Kila sukari inapoingia mdomoni, tindikali hufanya kazi kwa takriban nusu saa. Chai ya sukari inayonywewa pamoja na mlo ikaisha ni afadhali kuliko ile inayokaa kwenye chupa na kunywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni.

Mswaki wa usiku usikosekane. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, na kwenye boksi tafuta kiwango cha 1000 hadi 1500 ppm. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno wakati umelala. Hii ndiyo kinga ya kwanza kwa yeyote, awe amezibwa mifereji au hajazibwa.

Safari moja, vinywa viwili

Mzazi wa Nyaishozi anaweza kuanza kwa kuuliza kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Nyakahanga, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa akiwa na safari ya Bukoba. Maswali yawe ya wazi: "Je, mnaziba mifereji ya magego kabla hayajatoboka? Kwa jino moja ni shilingi ngapi? Bima yangu inalipia?" Kama jibu ni hapana, ombeni meno yaangaliwe hata hivyo, kwa kuwa tundu dogo huzibwa kwa urahisi kuliko kubwa.

Na anayekwenda asiende peke yake. Mtoto wa miaka sita huota gego la kwanza la ukubwani nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze, kumbe halina mbadala. Akifika miaka 12 huota la pili. Nyakati hizo mbili ndizo nzuri za kuziba.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzazi amezoea kuziba nyufa za wote nyumbani, ada, sare, dawa za watoto, na jino lake likawa la mwisho. Mtoto anapomwona baba au mama yake ameketi kwenye kiti cha tabibu bila jino kumuuma, anajifunza kuwa kiti kile si cha kung'olea tu. Naye zamu yake ikifika atapanda bila kushikwa mikono.