NANI AMESEMA KATIBA SI KAZI YA CHAMA?



Katika mkutano wa tawi uliopita baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba karatasi hii imeacha habari za mshahara na saa za kazi, ikaanza kuandika habari za Katiba, polisi na mahakama. Walisema hiyo ni siasa, na chama si cha siasa. Wakapigiwa makofi. Sisi tulionyamaza siku ile kwa ajili ya adabu ya mkutano sasa twajibu, wala hatutajibu kwa upole.

Mnamjua kijana wetu kutoka upande wa Nyamira aliyekuwa kibarua wa mkandarasi mmoja wa njia. Jumanne tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliandamana nchini kote kwa sababu ya Mswada wa Fedha, hata Kisii mjini, yeye alikuwa kwao kwa ruhusa ya siku moja. Alikwenda mjini kununua mbolea. Akatiwa katika lori pamoja na waandamanaji, akakaa ndani mpaka Ijumaa bila kuambiwa kosa lake, kisha akafunguliwa mlango akaambiwa aende zake. Alipofika kazini alikuta jina lake limefutwa kwa kukosa zamu tatu. Akaja kwetu. Tawi likamjibu kwamba kibarua si mwanachama, na tena habari za polisi si habari za kazi.

Basi twauliza: kazi aliipoteza wapi? Aliipotezea kituoni. Kama angalifikishwa mbele ya hakimu Jumatano, kama Katiba inavyoagiza, angaliweza kurudi akakosa zamu moja tu, na nauli yake angalikuwa nayo mfukoni. Yule asiyeona mkate ndani ya sheria ya saa 24 hajawahi kulala ndani siku tatu.

Wako wanaosema mambo haya ni ya Wamarekani, tumeyasoma vitabuni tukaja kuwatia watu wazimu. Vema, natuseme habari za Marekani, maana kule haki hizi zilipiganiwa juu ya reli hasa, na watu wa kazi yetu.

Huko Alabama palikuwa na fayamani mmoja wa garimoshi, Mwafrika wa Marekani, jina lake Bester William Steele, wa reli ya Louisville and Nashville. Chama cha mafayamani wa reli ile kilikuwa cha Wazungu tu. Chama hicho ndicho kilichotambuliwa na sheria kusema kwa niaba ya mafayamani wote, weupe kwa weusi. Mwaka 1941 kikapatana na kampuni jinsi ya kuwabana mafayamani weusi, na Steele akaondolewa katika kazi nzuri ya garimoshi la abiria, akapewa kazi ngumu zaidi yenye malipo madogo zaidi. Ndugu, tazameni vizuri: hakuonewa na tajiri peke yake. Alionewa na chama cha wafanyakazi, chenye katibu na mwenyekiti na muhuri kama chetu. Alikwenda mahakamani pamoja na wakili Charles Houston, na tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua kwamba chama kinachosema kwa niaba ya wafanyakazi wote hakina ruhusa ya kuwatupa baadhi yao, hata kama hao si wanachama wake.

Sasa someni tena jibu ambalo tawi letu lilimpa yule kibarua.

Hatusemi Marekani ni mbinguni. Siku ile ile, 18 Desemba 1944, mahakama ile ile ilikubali amri ya kuwahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Kijapani kutoka makwao kwa sababu ya vita. Watu zaidi ya 110,000 waliondolewa wakawekwa kambini, wengi wao raia kwa kuzaliwa, bila kesi. Katiba ilikuwa moja, na majaji walikuwa wale wale, siku moja. Kwa hiyo hatutaki mtu aseme kwamba tunaabudu karatasi za Wamarekani. Tunalosema ni kwamba karatasi haitembei yenyewe, lazima iwe na watu wa kuibeba.

Na nani alibeba ya kwetu? Houston alikuwa mwalimu wa sheria wa Thurgood Marshall, yule wakili aliyeshinda kesi ya shule za ubaguzi mwaka 1954. Na aliyemleta Marshall Kenya mwezi wa Januari 1960 ni Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Si profesa aliyemleta, ni mtu wa chama cha wafanyakazi! Serikali ya Wakoloni ilimzuia Marshall kuingia katika mkutano huko Kiambu. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba aseme neno moja tu kwa watu waliokuwa nje, akapewa ruhusa, akapaza sauti "Uhuru!" Kisha akaenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Katiba ya 1963 haikuifuata neno kwa neno, lakini mjue kwamba mazungumzo ya haki hizi katika nchi yetu yaliingia kwa mlango wa chama. Wanaotuambia leo kwamba chama hakihusiki wanamfukuza Mboya katika nyumba aliyoijenga.

Nini kilifuata, mnajua. Mwaka 1966 Katiba ilibadilishwa ili Serikali iweze kumweka mtu kizuizini bila kesi hata kama hakuna vita. Wengi walidhani hiyo itawapata wakubwa wa siasa tu. Basi mkumbuke George Anyona wa Kitutu Mashariki, mtu wa kwetu kabisa. Mwaka 1977 alisimama Bungeni akauliza maswali juu ya zabuni ya mabehewa ya reli. Mabehewa ya reli, ndugu zangu! Sisi Wakisii ambao reli ya Mkoloni ilifika Kisumu mwaka 1901 bila kupanda milima yetu, tulikuwa na Mbunge aliyeuliza fedha za mabehewa zinakwenda wapi. Alikamatwa mwezi wa Mei katika eneo la Bunge lenyewe, akakaa kizuizini mpaka tarehe 12 Desemba 1978. Hakushtakiwa. Mwaka 1982 akawekwa tena. Wakili John Khaminwa, aliyekuwa akiwatetea waliowekwa kizuizini, naye akatiwa kizuizini mwaka huo huo. Mwaka 1990 Anyona akakamatwa mara ya tatu, na safari hii akahukumiwa, 1991, pamoja na wenzake watatu, miaka saba kwa uchochezi, kabla ya kutoka mwaka 1992. Yule anayesema haki ya kusema ni siasa isiyohusu karakana atueleze: swali la mabehewa lilikuwa la nani kama si letu?

Leo sheria imegeuka, na wengi wetu hatuijui. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Kwamba anaweza kunyamaza. Kwamba aweze kuzungumza na wakili. Kwamba afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au kama saa hizo zimekwisha wakati mahakama imefungwa, siku ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 41 kimetaja haki ya kuingia katika chama na kugoma. Lakini kifungu tunachokitaka mkishike zaidi ni cha 22, maana hicho ndicho hakisomwi. Kinasema haki ikivunjwa, si yule mtu peke yake anayeweza kwenda mahakamani. Mwingine anaweza kwenda kwa niaba yake ikiwa mwenyewe hawezi, na chama kinaweza kwenda kwa ajili ya wanachama wake. Tena hakuna ada ya kufungua shauri hilo. Hakuna ada! Wale waliosema "sisi maskini hatuwezi gharama" walisema bila kusoma. Wakili analipwa, hilo ni kweli, na tutalisema hapo chini.

Marekani nako walijaribu kuvizuia vyama vya wafanyakazi wa reli visiwaelekeze wanachama kwa mawakili. Chama cha wafanyakazi wa magarimoshi kilishtakiwa na chama cha mawakili wa Virginia. Mwaka 1964 mahakama ile kuu iliamua kwamba wafanyakazi wana haki ya kukusanyika na kushauriana jinsi ya kutetea haki zao, na hilo ni sehemu ya uhuru wa kusema na kukutana. Sisi hatujazuiwa na mtu. Tumejizuia wenyewe.

Liko neno moja zaidi, nalo ni chungu. Mzee mmoja alisimama akasema haki hizi zinawalinda wezi na wachawi, dawa yao ni watu kujichukulia hatua. Twamheshimu kwa umri wake. Lakini mwezi wa Mei 2008 wazee 11 walichomwa moto Kisii kwa neno la uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne wazee wakauawa kwa neno lile lile. Nani aliwasikiliza? Hata katika ritongo, baraza la wazee wetu, mtu alisimama akasema neno lake kabla ya kuhukumiwa. Anayetaka saa 24 kwa ajili ya mwanawe lazima azitake kwa ajili ya bibi wa jirani anayesemwa vibaya kisimani. Hatuna njia ya kuzikata nusu.

Na wale wanaosema kwamba maskini akitaja haki yake atapigwa zaidi, wakafungue Matendo ya Mitume, sura ya 22. Paulo alikuwa amekwisha kufungwa kwa kamba tayari kwa mijeledi, ndipo alipomwuliza akida kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, na wenye mijeledi wakarudi nyuma. Lakini kwanza alijua.

Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi tutaleta azimio, na twaomba mje wengi, hata walio zamu ya usiku. Kwanza, kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi katika mfuko wa utetezi, nao uwekwe mbali na fedha za mazishi, wenye weka hazina wake na daftari lake. Pili, vibarua wa wakandarasi wahesabiwe katika utetezi huu, wawe na kadi au wasiwe nayo. Tatu, Kifungu cha 49 kibandikwe kwa Kiswahili na kwa Ekegusii kwenye ubao wa karakana, pamoja na simu ya wakili atakayekubaliwa na tawi. Nne, Katibu aandike kwa yule kijana wa Nyamira, amwite, na jambo lake lifunguliwe upya, kwanza kwa mkandarasi, kisha kwa mahakama ikiwa mkandarasi atakataa.

Wanaopinga waje nao. Watapewa nafasi ya kusema, dakika sawa na zetu.