Grinihausi haikuzi mboga, wasee

Hizi video mmeziona. Kijana amesimama ndani ya grinihausi, nyanya zimening'inia nyuma yake, anakwambia chukua mkopo, jenga, utaomoka. Hakuna hata mmoja anayetaja kalenda. Hapo ndipo mimi nakataa.

Cheki mzee mmoja wa Marekani, Eliot Coleman. Shamba lake liko Harborside, jimbo la Maine, kwenye theluji ya ukweli. Katikati ya baridi bado anavuna spinachi na majani ya saladi, na grinihausi zake kadhaa hazipashwi moto wowote. Plastiki si siri yake. Siri ni siku ya kupanda.

Kule, kuanzia mapema Novemba hadi mapema Februari, mwanga wa mchana hushuka chini ya saa 10. Mmea karibu unasimama kukua. So mbegu lazima ziingie udongoni mwisho wa Agosti na Septemba, vuli ikianza (vuli ya kwao, si mvua yetu ya Oktoba), ndio Novemba ikifika mboga ziwe karibu zimekomaa. Baada ya hapo grinihausi ni kama friji tu, inatunza kilichokwisha kukua. Ndani anafunika matuta na kitambaa chepesi, nguo juu ya nguo. Spinachi inaganda usiku, jua likitoka inayeyuka na kusimama tena kama hakuna kitu kimehappen. Manze, hiyo mboga ni ngumu. Lakini chelewa siku chache Septemba, mavuno yanasogea wiki kadhaa.

Sasa sisi. Tuko kwa ikweta, mwanga ni kama saa 12 mwaka mzima. Sukuma inamea hadi kwa gunia Kibera. Grinihausi yako inatatua shida gani haswa? Kama ni mvua ya Aprili inayoletea nyanya ukungu, sawa. Kama ni jalidi ya Kinangop, pia sawa. Lakini mnyauko wa bakteria unakaa kwa udongo, plastiki haiuoni. Ukipanda nyanya juu ya nyanya kila msimu, unaulisha tu.

Na mkivuna wote wiki moja, broka ndiye anawapangia bei.

Kwa hivyo msee akija kukuuzia grinihausi, muulize: nipande tarehe gani, na siku nitakayovuna soko litakuwa limejaa nini? Akijibu kwa kukuonyesha picha za nyanya, usisaini kitu.