Tupeni nafasi ya kuharibu fimbo ya kwanza

Wapendwa vijana wenzetu wa Nakivale, wa Kyangwali, wa Kyaka II, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusomaga kimya kimya: leo tunataka kuongea juu ya fimbo ya kuvulia samaki. Tunajua wengine watasema, hawa vijana wamekosa mada, chakula kimepungua na wao wako kwenye samaki. Subirini kidogo. Tutafika mahali panapowahusu.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa kiongozi wa kikundi hiki kabla ya safari yake, sasa anaishi Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Mji huo ulianza kupokea ndugu zetu Wakongomani mwaka 2016. Sisi tunamwita Yaya, maana ni mkubwa wetu. Usiku anafua mashuka hotelini, asubuhi analala. Alasiri moja jirani yake, mzee mstaafu, alimwita kwenye gereji yake akamwonyesha fimbo anayoiunda mwenyewe kwa mikono. Kule kuvua kwa nzi bandia ni kama mpira kwetu sisi. Mto Clark Fork unapita katikati ya mji, na watu wazima na kazi zao wanaingia majini mpaka magotini, wanatupa mshipi mbele na nyuma.

Yaya ni mtoto wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mvuvi. Anasema alipoishika ile fimbo alikaa kimya kwanza, akashindwa kumwambia mzee kwa nini. Mzee naye hakuuliza. Alimwambia tu alete vifaa, waunde ya kwake pale pale mezani.

Kazi ile ilichukua wiki 6, na sisi tuliifuata kwa simu. Watu 8 kuzunguka simu moja, bando tunachangishana. Tuliyoyaona tutawaeleza, maana maoni yetu yote yametoka humo.

Kwanza muelewe tofauti. Sisi tumezoea ndoano, chambo na chubwi. Ukitupa, uzito wa chubwi ndio unaouvuta mshipi uende mbali. Lakini nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoano ndogo sana. Hana uzito wowote, ukimtupa anarudi usoni kwako. Kwa hiyo kule kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na fimbo ndiyo inayojikunja na kuurusha. Ndiyo maana fimbo ina namba na mshipi una namba, na namba hizo lazima zikubaliane. Ya Yaya ni futi 9, namba 5, vipande 4 vinavyoungana. Fimbo ikiwa ngumu kuliko mshipi wake, haijikunji vizuri. Ikiwa laini mno, mshipi unakuangukia miguuni.

Zamani fimbo hizi zilikuwa za mwanzi. Miaka ya 1870 fundi mmoja wa Maine, Hiram Leonard, alijulikana kwa fimbo za mwanzi uliopasuliwa vipande 6 vyembamba na kugundishwa tena kuwa ufito mmoja. Baadaye mwanzi uliopendwa zaidi ulitoka Guangdong, huko China. Siku hizi ufito mtupu unatoka kiwandani, umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Mtu anayeunda nyumbani ananunua ufito huo, na yote mengine anayafanya mwenyewe.

Anaanza kwa kutafuta uti wa mgongo. Ndiyo, fimbo iko na uti wa mgongo. Unaweka ncha juu ya meza, unaukandamiza ufito katikati mpaka upinde, halafu unauviringisha taratibu kwa vidole. Utasikia mahali unaruka wenyewe na kutulia upande mmoja. Unaweka alama hapo, na vipete vya kupitishia mshipi unavipanga kwa kufuata alama hiyo. Kisha unafanya mshikio, vipande vya koki kama vizibo vya chupa ya divai, vinagundishwa na kusuguliwa kwa msasa mpaka vikae mkononi. Halafu kiti cha rili. Halafu vipete, kama 10 hivi: karibu na mkono vinaachana sana, kuelekea kwenye ncha vinasogeleana.

Kila kipete kinafungwa kwa uzi. Hapo ndipo Yaya aliteseka. Uzi unazungushwa mzunguko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja unagusa wa jirani yake bila kuupanda na bila kuacha nafasi, na mwisho wa uzi unavutwa chini ya mizunguko ili usionekane. Hakuna fundo. Mguu wa kwanza wa kipete cha kwanza ulimchukua saa nzima. Aliufungua mara 4. Sisi huku tunacheka, yeye kule anatoka jasho.

Mwisho ni gundi ya epoksi juu ya uzi. Chupa mbili, kipimo sawa kwa sawa, unachanganya, unapaka kwa brashi ndogo. Ikiwa bado mbichi lazima fimbo iendelee kuzunguka polepole, la sivyo gundi inashuka upande mmoja na kufanya matone. Siku hiyo mota ndogo ya mzee ilikuwa na fimbo nyingine, kwa hiyo Yaya alizungusha ya kwake kwa mkono, robo mzunguko kila baada ya dakika chache, mpaka saa ya kwenda kazini. Bando letu lilikwisha kabla yake.

Kesho yake gundi ilikuwa inanata. Siku ya tatu bado inanata. Alikuwa amekosea kipimo. Epoksi ikikosewa kipimo haikauki vizuri, hata ungoje mwezi. Kazi yote ya nyuzi ikabidi ikatwe kwa wembe, tena kwa uangalifu, kwa sababu ukichuna kaboni, hapo hapo ndipo fimbo itakapovunjika siku moja.

Sasa tunafika tulipotaka kufika. Yule mzee alifanya nini? Hakuandika ripoti. Hakusema nafasi yako tumempa mwingine. Alicheka, akaenda kwenye kona ya gereji akatoa fimbo yake ya kwanza, ya miaka mingi, vipete vimepinda kama meno ya mzee, gundi imefanya matone. Akamwambia Yaya kwamba ya kwanza kila mtu anaiharibu. Halafu akampa chupa nyingine mbili na uzi mwingine.

Sisi tulikaa kimya mbele ya simu. Mmoja wetu akauliza: ni nani hapa kambini aliwahi kutupa chupa ya pili?

Jamani, tuseme ukweli bila matusi. Kati yetu sisi 8, tuko na vyeti 13. Ushonaji, sabuni, ususi, kompyuta, ufugaji wa kuku. Tumehesabu. Mafunzo mengi yalikuwa ya wiki mbili. Katika yale ya ushonaji tulikuwa watu 15 kwa cherehani 3, na kila mtu alipewa kitambaa cha kipimo kimoja. Dada mmoja alikata vibaya mkono wa blauzi siku ya nne. Hapakuwa na kitambaa kingine. Siku zilizobaki alikaa kuwaangalia wengine, na siku ya mwisho akapewa cheti na akapigwa picha ameshika blauzi ya mwenzake. Cheti kiko ukutani. Kushona hajui. Tukimwuliza kwa nini hakuendelea, anasema: "Mimi mikono yangu si ya kushona." Kitambaa kilikuwa kimoja, na yeye ameamini kwamba mikono ndiyo mibaya!

Hayo ndiyo yanayotuuma. Mafunzo ya namna hii hayamwachi mtu pale alipokuwa. Yanamwondoa akiwa na imani kwamba hawezi. Mtu akiharibu mara moja na hakuna mara ya pili, hafundishwi kazi, anafundishwa woga. Na mkimbizi tayari woga anao wa kutosha.

Sisi tulijaribu kitu. Kikundini kuna mzee wetu wa Fizi aliyevua Tanganyika kabla ya sisi kuzaliwa. Tulimwomba atusaidie kuunda fimbo ya mwanzi, bila mradi, bila fomu. Tulinunua mianzi michache. Ya kwanza tuliiweka juani ikauke haraka, ikapasuka. Mzee alitikisa kichwa tu: mwanzi unakaushwa kivulini, taratibu. Ya pili tuliinyoosha kwa joto la makaa, tukaikaribisha sana, ikaungua. Ya tatu ilinyooka. Vipete tulikunja kwa waya, uzi tuliomba kwa fundi cherehani, na juu tukapaka vanishi ya seremala. Haifiki popote karibu na fimbo ya Yaya. Lakini yule dada wa blauzi ndiye aliyefunga uzi wote, na mizunguko yake ilikaa sawa kuliko ya sisi wote. Mikono yake si ya kushona, eti.

Tulipomwonyesha mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mzuri kwa kweli, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mtamuuzia nani?" Tunaelewa kwa nini anauliza. Fedha zimepungua, chakula kinagawiwa kwa makundi, kila senti ina mwenye kuiuliza. Na hatusemi kambi nzima iunde fimbo. Kuvua kwa kuuza ziwani kunahitaji leseni, na Ziwa Nakivale liko na viboko wasioheshimu kikundi cha vijana. Kuhusu soko tuna jibu moja: baadhi ya nzi bandia wanaouzwa kwenye maduka ya Marekani wamefungwa kwa mikono na mafundi wa Kenya, jirani yetu hapa. Hakuna aliyezaliwa anajua kufunga nzi juu ya ndoano ndogo kama punje ya mtama. Kuna mtu aliwaacha waharibu wengi kwanza.

Wengine watasema mafunzo ya muda mrefu yanafikia watu wachache. Kweli, kwenye ripoti watu 60 wa wiki mbili wanapendeza kuliko watu 10 wa miezi mitatu. Lakini njooni baada ya mwaka mmoja mhesabu ni wangapi bado wanafanya ile kazi. Sisi tumehesabu vyeti vyetu 13. Vinavyotumika ni 2. Vyote viwili ni vya watu waliokuwa na ndugu fundi nyumbani, aliyewaruhusu kurudia.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa heshima.

La kwanza, kwenye bajeti ya kila mafunzo muweke mstari wa vifaa vya kuharibu. Muuite hivyo hivyo. Kila mwanafunzi apate kitambaa cha pili na cha tatu, mbao ya pili, unga wa pili.

La pili, mpunguze idadi ya fani, muongeze muda. Heri kazi moja mtu aijue mpaka aweze kumfundisha mdogo wake.

La tatu, muwatafute mafundi walio tayari ndani ya kambi. Hapa kuna wavuvi, maseremala, wahunzi, mama wa kufuma vikapu, wamekaa miaka 10 bila kuulizwa wanajua nini. Mwezeni mmoja awe na meza na taa, na mlango wazi baada ya mafunzo kwisha. Gereji ya yule mzee wa Missoula haina zaidi ya hayo.

La nne, picha ipigwe kwenye kitu cha tatu, si cha kwanza.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Wangapi kati yetu tunaingia mafunzo kwa ajili ya nauli na soda? Tukipewa kitambaa cha pili, tuwe tayari kukaa nacho jioni nzima bila simu mkononi, kufungua uzi mara 4 kama Yaya. Mara ya pili inamtaka na mwanafunzi mwenyewe.

Mnataka kujua fimbo ya Yaya iliishia wapi? Alifunga nyuzi zote upya, akapima gundi vizuri, ikakauka ngumu na kung'aa kama kioo. Alikata leseni, akaenda mtoni na mzee, akatuma video. Alipata trauti mmoja, akamshika kwa mkono uliolowa maji, akamwachia aende zake. Mzee wetu wa Fizi aliiangalia video ile mara mbili, halafu akachukua simu akamtumia sauti: "We mwana, samaki unamuloba, kisha unamurudisha mu mayi? Ulimulobea nini basi?"

Yaya alijibu kwamba hakuenda kutafuta samaki siku ile. Alitaka kuona kama fimbo itafanya kazi.