Chavua ya Roret na Wajibu wa Wanakiswahili

Inapotajwa hoja ya kukikuza Kiswahili katika sayansi, wataalamu wengi huelekeza macho kwenye kompyuta, sheria na tiba. Kilimo hukumbukwa mwishoni, ilhali ndicho kinachowalisha wazungumzaji wengi wa lugha hii. Makala haya yanashikilia kwamba uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa unapaswa kupimwa shambani pia, na kwamba uhifadhi wa chavua ya miti ya matunda ni kipimo kizuri.

Roret, katika Kaunti ya Kericho, ni nchi ya majani chai. Hata hivyo, katika vilima vya Kericho na Bomet wapo wakulima wanaopanda miparachichi ya aina ya Hass kando ya michai yao. Miparachichi yote ya Hass duniani ni vipandikizi vilivyotokana na mti mmoja wa Rudolph Hass wa California, ulioandikishiwa hataza mwaka 1935. Mti huo mama ulikatwa mwaka 2002 baada ya kushambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi. Ni dhahiri basi kwamba ugonjwa unaoushinda mmoja huweza kuishinda yote. Kinga ya kudumu ni kuzalisha aina mpya, na aina mpya huhitaji chavua ya mti mwingine.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, likafunga, kisha likafunguka tena alasiri ya siku ya pili likiwa dume. Mtafiti anayetaka kuivusha chavua yake hadi kwenye ua la aina nyingine yenye ratiba hiyohiyo hana budi kuitunza tangu alasiri hadi asubuhi. Aidha, miti ikichanua katika miezi tofauti, chavua hulazimika kungoja zaidi. Jambo hili si geni kwa ulimwengu wa Waswahili: wakulima wa mitende nchini Oman hupachika vitawi vya mti dume katika mashada ya mti jike, na huikausha chavua na kuiweka kwa ajili ya mitende inayochelewa kuchanua.

Adui wa chavua ni unyevu na joto. Hukaushwa kivulini, hutiwa katika chupa ndogo iliyozibwa pamoja na jeli ya silika, kisha hugandishwa. Chavua ya mtufaha iliyotunzwa hivyo, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, huweza kudumu mwaka mzima na zaidi. Ya mahindi haistahimili kukaushwa na hufa upesi. Chupa itokapo kwenye friza haifunguliwi mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo umande huingia ndani. Kabla ya kutumiwa, chavua kidogo huwekwa katika maji ya sukari yenye boroni, kisha hadubini huonyesha kama inachipua.

Maelezo hayo yamewezekana kwa Kiswahili bila taabu. Kinachokosekana ni mapatano. Wapo wanaosema chavua, wapo wanaosema chavuo, na wengine mbelewele. Chavua linastahili kupendelewa kwa kuwa lina ukoo ulio hai: chavusha, chavushwa, uchavushaji. Neno lisilozaa huishia kamusini.

Huenda ikadaiwa kwamba watafiti wanakijua Kiingereza, na hilo latosha. Lakini anayeuchunga mti usiku na mchana ni mkulima. Akipewa maelekezo katika lugha asiyoimudu, atatii tu. Hataweza kuuliza, wala kumweleza mtafiti alichokiona mwenyewe juu ya mti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki karatasini iwapo haitafika kwenye kitalu.

Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili vyuoni visingoje kamati za istilahi. Mwanafunzi wa isimu na mwenzake wa kilimo wakae pamoja, waandike kijitabu cha kurasa chache kuhusu chavua, wakisome mbele ya wakulima wa Roret, na wasikilize ni maneno gani yanayokubalika na yapi yanayoombewa maelezo ya Kikipsigis. Istilahi itakayopita mtihani huo ndiyo itakayodumu. Penye nia pana njia.