Juu ya Njia ya Kakombe

Mabwana wenzetu, sisi tukaao Kalinzi katika mashamba ya kahawa, Gombe ni jirani yetu ng'ambo ya milima, upande wa magharibi. Hata hivyo, ili kufika huko twashuka kwanza Kigoma, kisha twapanda mashua. Wengi hudhani kwamba kutembea katika msitu ule ni kazi ya vijana wenye miguu ya mbuzi. Sivyo. Kutoka Kasekela, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, njia iendayo maporomoko ya Kakombe ni fupi, yapita bondeni chini ya miti mikubwa, na mtu aliyezoea kiti cha ofisi aweza kuifuata pamoja na kiongozi. (Kilele kiitwacho kwa jina la Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960, twawaachia wenye pumzi.)

Lakini urahisi huo ndio ututiao hofu. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio, ule wa kupooza, uliwapata sokwe wa Gombe. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na viungo vilivyolemaa. Mafua yetu nayo yaweza kuwaua. Basi mtu akohoaye asiende kabisa, ijapokuwa likizo yake ni fupi na nauli amekwisha lipa. Tumewasikia wenzetu wakinong'ona mashuani, "Ni kikohozi kidogo tu, kiongozi hatajua." Twasema wazi kwamba neno hilo halimfai mtumishi wa Serikali, ambaye kila siku huwadai wengine washike sheria. Nauli ya mashua yapatikana tena mwisho wa mwezi.