Kusafisha Virusi Si Kupona

Haupiti mwezi kabla jamaa au jirani hajanipigia simu na swali lile lile: "Kompyuta ya nyumbani imeingiwa na virusi, ni antivirasi gani nzuri ya kuisafisha?" Zamani nilikuwa nikitaja jina la programu, tunaagana. Siku hizi jibu langu ni moja: usiisafishe. Okoa vitu vyako, futa diski yote, uanze upya. Wengi hudhani nasema hivyo kwa uvivu. Hebu niwasimulie kilichonibadilisha.

Mwaka 2022 shangazi yangu wa Nakuru alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama 14. Hesabu zote za chama zilikuwa kwenye kompyuta ya sebuleni, pamoja na picha za familia na video ya mazishi ya mjomba. Binamu yangu, mwanafunzi wa chuo, alitaka programu ya kuhariri video. Bei yake ilimshinda, akatafuta iliyovunjwa kufuli. Maelezo yalimwambia azime antivirasi kwanza, ati inaichukia bure tu kraki hiyo. Akaizima.

Likatokea dirisha linalosema Windows inajisasisha. Uongo mtupu! Nyuma ya dirisha hilo faili zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Zilipoisha, kila folda ilikuwa na faili iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, ama 490 ukiwahi ndani ya saa 72.

Hiyo ilikuwa Djvu, mojawapo ya programu za utekaji faili zilizosumbua sana watu wa kawaida. Haikulenga mabenki. Ililenga nyumba kama ya shangazi, na mlango wake mkuu ulikuwa kraki.

Fundi wa mtaani akaitwa. Alipitisha antivirasi tatu, zikapata vitu kadhaa, zikavifuta. Ya mwisho ikaandika kuwa hakuna tishio. Akalipwa shilingi 1,500, akaenda zake. Simlaumu, kwani hata mimi ningefanya hivyo miaka ya nyuma.

Wiki moja baadaye, wanachama walianza kupokea barua pepe kutoka kwa shangazi, akiomba msaada wa haraka wa pesa. Mama mmoja alituma shilingi 3,000. Shangazi hakuwa ameandika barua yoyote. Na kwa kuwa hesabu zilikuwa zimefungwa, wengine walianza kunong'ona kwamba hadithi ya virusi imetungwa kuficha pesa zilizoliwa. Ndipo akanipigia simu akilia.

Kumbe Djvu mara nyingi haikuja peke yake. Ilileta wezi wa nywila, kama vile Vidar, ambao hukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki, zile faili ndogo zinazofanya tovuti ikukumbuke bila kukuuliza nywila tena. Kazi hiyo huisha kwa dakika chache. Fundi alipofika, mwizi alikuwa ameshaondoka na funguo. Kumtimua mwizi aliyekwisha kutoka nyumbani kunasaidia nini, kama kufuli ni zile zile?

Hapo ndipo nagombana na neno "kusafisha". Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na najua kwamba programu ikishapewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta inaweza kubadilisha karibu chochote. Djvu iliweka kazi ya ratiba ili ijiwashe tena yenyewe. Ilihariri faili ya hosts ili usifike kwenye tovuti za usalama. Ilifuta nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea. Antivirasi ikisema "hakuna tishio", maana yake ni kwamba haijaona kitu. Kutoona na kutokuwepo ni mambo mawili tofauti.

Tuliokoa nini? Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft pamoja na mtafiti Michael Gillespie walitoa programu ya bure iliyofungua aina 148 za Djvu. Kwa aina zilizofuata, kulikuwa na tumaini tu ikiwa faili zilifungwa kwa ufunguo wa nje ya mtandao, na dalili yake ni kitambulisho kinachoishia na t1. Cha shangazi hakikuishia hivyo. Lakini Djvu, kwa ajili ya kasi, ilifunga takriban KB 150 za mwanzo wa kila faili. Video ya mazishi ilikuwa kubwa, kwa hiyo sehemu iliyobaki ilikuwa nzima. Kwa kutumia video nyingine iliyopigwa na kamera ile ile kama kielelezo, niliirekebisha ikacheza. Hesabu za chama zilikuwa faili ndogo, zikafungwa zote.

Basi ukiingiwa, fanya hivi, na ufuate mpangilio huu:

1. Kata intaneti. Usichomeke flashi wala diski yenye nakala zako, maana nazo zitafungwa.

2. Chukua kifaa kingine kilicho salama. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu ndiyo hufungua akaunti nyingine zote. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, la sivyo kuki zilizoibwa zinaweza kuendelea kufanya kazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

3. Washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, bila kuamsha Windows iliyoambukizwa. Nakili picha na hati. Usinakili programu yoyote. Zilizofungwa nazo zihifadhi, huenda siku moja ufunguo ukapatikana.

4. Kwenye kompyuta safi, tengeneza flashi ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Futa sehemu zote za diski, kisha sakinisha. Kama Windows 10 au 11 yako ilikuwa halali, kwa kawaida itaitambua mashine yenyewe. Kumbuka Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine kuukuu isiyoweza kubeba 11 iwekee Linux Mint.

5. Usilipe. Hakuna anayekuhakikishia kwamba utapewa ufunguo.

Najua mtakaloniuliza: "Na tusio na pesa za programu halali?" Ni swali la haki, na sitawahubiria. Lakini kuna LibreOffice, kuna GIMP, kuna DaVinci Resolve ya bure kwa wahariri wa video. Kraki nayo ina bei. Tofauti ni kwamba bei yake analipa mtu mwingine. Binamu yangu alipata programu ya bure, na shangazi yake ndiye aliyeitwa mwizi.

Jina la shangazi lilisafishwa na daftari. Katibu, mama mzee asiyeamini kompyuta, alikuwa akiandika kila mchango kwa kalamu. Tulikaa wikendi tatu tukilinganisha daftari lake na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu za wanachama, hadi shilingi ya mwisho ikalingana. Yule mama hakujua kwamba anaweka nakala ya akiba, lakini ndiyo pekee iliyokuwa nje ya kompyuta ile.

Wewe lako liko wapi? Kama huna, nunua diski ya nje leo, nakili vitu vyako, kisha ichomoe. Ichomoe kabisa, tafadhali.