WATI NYINGI HAZILETI JOTO



Tangu mwezi uliopita kuko mabishano katika kundi la muziki la masomo yetu. Tumekusanya feza kidogo kidogo, na sasa wengine wanataka tununue ampli kubwa ya wati 200 na mikro mpya yenye kung'aa, eti kinanda cha mdomo kisikike kama blues ya Wamarekani. Mimi ndiye mwenye kupiga kile kinanda, kwa hiyo ningepaswa kufurahi. Lakini hapana. Naona tunataka kununua kelele, na ile sauti yenyewe tutaikosa. Ile feza ilitoka kwa wazazi wenye kuuza mihogo na makala. Si vizuri ipotee juu ya kutojua.

Kwanza tuulize: ile sauti yenye joto ilitoka wapi? Ilitoka Chicago. Watu weusi wa Kusini mwa Marekani waliacha mashamba ya pamba wakaenda kutafuta kazi katika miji ya viwanda. Muddy Waters alifika Chicago mwaka 1943. Kule watu walikuwa wengi, kelele mingi, na gitare zikaanza kutumia kurante. Sasa kinanda cha mdomo chenye matundu 10 tu, kitafanya nini mbele ya gitare ya kurante na ngoma? Hakikusikika tena.

Ndipo wapigaji wakatafuta njia. Walichukua mikro za bei ndogo, zile zilizotumika kutangazia watu katika mikutano, ao kuitana kwa radio za taksi. Wakashika mikro na kinanda pamoja ndani ya mikono miwili, na fili wakaichomeka katika ampli ndogo ya gitare. Vyombo hivi havikutengenezwa kwa ajili ya kinanda cha mdomo. Vilikuwa vyombo vyenye walipata, basi wakavitumia.

Kati yao alikuwa kijana mmoja wa Louisiana, Little Walter, aliyezaliwa mwaka 1930. Tarehe 12 Mei 1952 alirekodi muziki bila maneno, jina lake "Juke". Ile sahani ilikaa juma 8 mahali pa kwanza katika orodha ya muziki ya watu weusi wa Marekani. Alikuwa na miaka 22. Tangu siku ile wapigaji wengi wa kinanda cha mdomo wanatafuta sauti kama yake: nene, imejaa chini, haichomi masikio, na inakwaruza kidogo kama sauti ya mzee mwenye kusimulia usiku.

Sasa, hii joto inatengenezwa na nini? Mimi nasema ni vitu vinne, na naviweka kwa mstari wake.

Cha kwanza ni pumzi. Mwenye kupuliza kwa mashavu tu, sauti yake ni nyembamba, na ampli itaonyesha wembamba ule kwa watu wote. Pumzi itoke tumboni, koo ifunguliwe. Tena wapigaji wa blues wanavuta zaidi kuliko kupuliza. Wanashika kinanda cha C lakini wanapiga wimbo katika G, sababu sauti zile za kuvuta zinakubali kupindwa kwa ulimi na koo. Hakuna duka lenye kuuza kitu hiki.

Cha pili ni mikono. Ukifunga mikono vizuri kuzunguka mikro na kinanda, hewa inakosa njia. Nguvu ya sauti inakuwa kubwa mbele ya mikro, zile sauti kali za juu zinapungua, za chini zinavimba. Ukifungua kidole kimoja, sauti inabadilika mara moja. Jaribuni na mikro yoyote mtasikia. Mwenye kuacha nafasi kati ya vidole, hata umpe chombo cha bei kubwa, hatapata kitu.

Cha tatu ni mikro. Hapa ndugu zetu wanakosea. Mikro ya kuimbia, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, ilitengenezwa ili maneno yasikike safi. Ni nzuri kabisa kwa korali. Lakini iko na matundu nyuma ya wavu wake, yenye kuisaidia isichukue kelele za pembeni. Ukiifunga kwa mikono, ile faida inapotea, na bafle inaanza kulia wiiii, ile wanaita larseni. Zile za zamani zenye umbo la risasi hazina usafi ule. Kuko Astatic JT-30, na kuko Shure 520 ya rangi ya majani, iliyotoka mwaka 1949. Nazo zinaweza kulia larseni, lakini zinakata sauti za juu na kukwaruza upesi, na umbo lake linakaa vizuri mkononi.

Ila na hapa tuangalie. Ndani ya JT-30 za zamani muna kipande cha chumvi, kinaitwa chumvi ya Rochelle. Ile chumvi inaogopa joto na unyevu. Mikro yenye kusahauliwa ndani ya motokari juani inaweza kufa siku ile ile. Sasa sisi wenye kuishi na mvua miezi mingi na chini ya mabati, tutaitunza namna gani? Heri ile ya sumaku kama 520. Tena tusisahau: mikro hizi ziko na impedansi kubwa, zinapatana na mlango wa ampli ya gitare. Mikro ya korali iko na impedansi ndogo. Ukiiunga na ampli ya gitare bila transfo ndogo katikati, sauti itatoka dhaifu.

Cha ine ni ampli, na hapa ndipo kuko feza mingi. Ampli ya lampe, zile lampe kama za radio kubwa za zamani, ukiisukuma mpaka inachoka, haikati sauti kwa gafula. Inaizungusha, inailainisha. Ile kuchoka ndiyo joto yenyewe. Ampli nyingi za transista, zikizidiwa, zinakata kama makasi. Sasa ampli kubwa ya wati 200 itachoka lini katika sale yetu? Haitachoka hata siku moja. Tutaifungua kidogo tu, na sauti itabaki baridi. Kumbe Fender Champ ya wati 5 hivi inachoka upesi, na wengi waliirekodi kwa furaha. Hata ile Fender Bassman ya mwaka 1959 yenye bafle 4, ambayo wapigaji wa blues wanaisifu sana, haifiki wati 60.

Tena msidanganywe na hesabu. Wati 50 si kelele mara 10 ya wati 5. Kwa sikio letu ni karibu mara 2 tu. Mwenye kulipa kwa wati analipa bei kubwa juu ya kitu kidogo.

Wengine watasema: sale ni kubwa, ampli ndogo haitafika nyuma. Ni kweli. Lakini korali iko tayari na ampli yake na bafle zake. Tuweke mikro moja ya korali mbele ya ile ampli ndogo. Ndogo itengeneze sauti, kubwa iibebe mpaka mlangoni. Hivi ndivyo wapigaji wengi wanafanya. Tutanunua kimoja tu, na vile tuko navyo vitafanya kazi.

Maonyo mawili kwa mwenye kutumwa kununua. Aangalie nyuma ya chombo: ampli za Marekani zinataka karibu volti 120, na kurante yetu ni 220. Bila transfo itaungua dakika ya kwanza. Na asiifungue kwa bisibisi. Ampli ya lampe inachunga volti mia kadhaa hata ukiisha kutosha fili ukutani. Ile inaweza kuua mtu.

Na kama feza haitoshi? Basi tusinunue kitu. Sonny Terry alisimama mbele ya mikro ya kawaida, kinanda kati ya mikono yake bila kushika mikro, na watu walimsikiliza miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1986. Naweza kupiga hivyo hivyo siku ya sikukuu, na ile feza ibaki kwa vitabu vya korali.

Ninajua kuko mwalimu mmoja anasema blues ni muziki ya dunia, isiingie hapa. Namheshimu. Lakini wengi waliopiga blues waliimba kwanza kanisani, na kilio cha mtu aliyeteswa si zambi. Tutakipiga kwa adabu, naye atahukumu akiisha kusikia.

Ndugu zangu, mnakumbuka Daudi alivyovua silaha za Sauli. Zilikuwa nzuri, za bei kubwa, lakini hakuzizoea. Alirudi kwa kombeo yake, sababu mkono wake uliijua. Kabla ya kutoa feza ya wazazi, tuulize mikono yetu inajua nini.

Hayo ni maoni yangu. Mwenye kuwa na maoni ingine, aandike. Gazeti hili ni letu sote.

Mpiga kinanda, darasa la tano